Damu mu choo haiko ya kuficha: tunataka kipimo cha tumbo mu visite médicale

Kila mwaka tunapita ku visite médicale. Wanatupiga radio ya mapafu juu ya vumbi. Wanapima masikio juu ya kelele ya mashini. Wanaangalia macho, tension, mugongo. Ni vizuri, na hii yote haikuanguka toka mbinguni: wazee wetu wa sendika waliigombania. Lakini tumbo? Munganga anabonyeza kidogo na vidole, anauliza: "Inauma?" Tunajibu: "Hapana, dokta." Anatia sinyatiri, tunarudi ku kazi.

Sisi wa sendika tunasema hii haitoshi tena. Tunataka kwa kila mutu wa kazi mwenye miaka 45 na zaidi kipimo cha damu mu choo kiingie mu visite médicale. Na kisha kipimo, njia ya kuendelea mupaka ku munganga mukubwa, kwa franga ya mwajiri. Wandugu, na ninyi wamama wa ku nyumba, mutuache tueleze kwa nini. Hatutaki muitike tu juu sendika imesema. Tunataka mujue kitu chenyewe.

Tunasema juu ya kanseri ya utumbo mukubwa, ile ya mwisho wa tumbo mupaka ku njia ya choo. Mu dunia nzima, mu mwaka 2020, watu karibu 1.900.000 walipatikana nayo, na zaidi ya 900.000 walikufa. Kati ya kanseri zote, njo ya pili kwa kuua.

Hapa kwetu watu wako na majina mingine kwa ugonjwa hii. Mutu anaona damu mu choo, anasema: "Ni amibe tu." Mwenzake anasema: "Ni hemoroide, juu ya kukaa sana mu kamyo." Anakunywa dawa ya ku soko, damu inapunguka, kisha miezi inarudi. Anakonda. Nguvu inaisha, anachoka mbele ya saa sita. Hapa sasa jamaa wanaanza kusema pole pole: "Bamemuloga." Na mwerevu mumoja mu kilio ataongeza: "Lakini kanseri ya utumbo ni ugonjwa ya wazungu."

Ile neno ya mwisho iko na asili yake. Denis Burkitt, munganga wa kupasua toka Irlande aliyetumika miaka mingi ku Kampala, aliandika mu 1971 kama ugonjwa hii ni haba sana kwa watu wa vijiji vya Afrika. Alifikiri ni juu ya chakula: mboga mingi, maharagi, unga ya kusaga na ganda yake. Lakini alisema juu ya kijiji cha ile wakati. Leo tunaishi mu cité. Bukari yetu ni ya unga mweupe, nyama ni sosisoni, jioni ni pombe na sigara. Huko Kampala na Harare, pale waganga wanaandika mu kitabu kila mugonjwa wa kanseri, hesabu ya ugonjwa hii inapanda. Haiko tena ugonjwa ya wazungu.

Sasa, inaanza namna gani? Jibu inatoka mahali hatukuzania: ku mutoto angali mu tumbo ya mama yake.

Mutoto anaanza na seli moja tu, kadogo kuliko punje ya chumvi. Ile seli inagawanyika: mbili, nne, nane, na kuendelea. Zote ziko na maandishi moja ndani yake. Basi, nani anaambia hii "wewe utakuwa kichwa", na ile "wewe utakuwa utumbo"? Hakuna kapita ndani. Seli zenyewe zinaambiana. Moja inatosha proteini kidogo inje, jirani yake anaipokea ku ngozi, na habari inaingia ndani mupaka mahali jeni zinakaa. Hii njo wanaita ishara. Ziko za namna mingi, lakini moja inatuhusu leo. Jina yake ni Wnt.

Mutu wa mugodi wa chini ataelewa haraka. Chini kule mayi inaingia usiku na muchana, haiombi ruhusa. Mugodi unakaa mukavu juu pompi zinatumika bila kulala. Pompi zikisimama, hata kama mvua haijanyesha, mayi inapanda. Ku Kipushi ilionekana mu 2011: pompi zilishindwa, mayi ikajaa, na kuitosha ilichukua wakati murefu.

Mu seli ni vile vile. Kuko proteini moja, beta-katenina. Seli inaitengeneza kila saa, na kila saa kuko ekipe ya kuikamata na kuitupa. Mu ile ekipe, mutu wa lazima ni proteini inaitwa APC. Wakati ishara Wnt inafika toka inje, ekipe inasimamishwa. Beta-katenina inapanda, inaingia mahali jeni zinakaa, inafungua kazi: "Gawanyika! Jenga!" Ishara ikiisha, ekipe inarudi ku kazi, beta-katenina inashuka, seli inatulia. Fungua, funga. Kwa hii fungua na funga, pamoja na ishara zingine, mutoto anapata juu na chini, mbele na nyuma, kila kiungo ku nafasi yake.

Ilijulikana namna gani? Kwa nzi, panya na chura. Mu 1980, ku Heidelberg mu Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha kazi yao juu ya jeni zenye kupanga mwili wa nzi mudogo wa matunda angali mu yai. Walipata prix Nobel mu 1995. Kati ya jeni zile kulikuwa moja yenye jina "bila mabawa", juu nzi mwenye kuharibika hapo anaweza kuzaliwa pasipo mabawa. Ku upande mwingine, mu 1982 ku Marekani, Roel Nusse na Harold Varmus walikuwa wanatafuta kwa nini panya fulani wanapata kanseri ya ziwa. Walikuta jeni moja. Mu 1987 ikaonekana wazi: jeni ya kanseri ya panya na jeni ya mabawa ya nzi ni moja. Jina Wnt wameitunga toka majina mbili zile.

Kisha mu 1989, Andrew McMahon na Randall Moon walitia ujumbe wa jeni ile mu mayai ya chura wa Afrika, ku mahali haipashwi kuwa. Vitoto vya chura vikaota na migongo mbili. Hapa wakaelewa uzito wa jambo: kitu kile kile chenye kujenga mwili, kikisema ku mahali pabaya ao kwa wakati mubaya, kinavuruga mwili.

Sasa turudi ku tumbo zetu. Mutu mukubwa ameisha kujengwa, lakini mu mwili kuko mahali ujenzi haisimami. Utumbo njo mahali hapo. Ngozi yake ya ndani inabadilishwa yote kila siku 4 ao 5. Ukitazama na mikroskopi, ukuta ya utumbo iko na vishimo vidogo mamilioni, sawa puits. Chini ya kila kishimo kuko seli-mama. Zinazaa seli mupya, hizi zinapanda ukuta pole pole, zinafanya kazi yao, zinafika juu, zinakufa na kuanguka mu choo. Posta moja inatoka, ingine inaingia, maisha yote.

Na ishara yenye kusema ku seli-mama "endelea kuzaa" ni ile ile Wnt ya mutoto mu tumbo. Ekipe ya Hans Clevers, ku Utrecht mu Uholanzi, ilionyesha mu 1998: panya waliozaliwa bila TCF4, proteini yenye kushikana na beta-katenina kwa kufungua jeni, hawakuwa na seli-mama mu utumbo mudogo. Walikufa muda kidogo kisha kuzaliwa. Bila ishara hii, utumbo haiishi.

Basi pompi ikivunjika? Mu 1991 watafiti wa Marekani na Japani walikuta jeni ya APC mu jamaa zenye ugonjwa wa utumbo wa kurizi. Mu 1993 ikaonekana APC inashika beta-katenina. Leo inajulikana: mu kanseri 10 za utumbo mukubwa, karibu 8 ziko na APC yenye kuharibika, na mara mingi njo kitu cha kwanza kuharibika.

Kila seli iko na kopi 2 ya jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Ni sawa pompi mbili. Moja ikikufa, ingine inatumika. Zote mbili zikikufa, mayi inapanda. Seli inasikia amri ya kujenga, na hakuna mutu aliyeituma. Inatumika sawa ingali mu tumbo ya mama: inagawanyika, haitulii, haitoki mu kishimo kwa saa yake. Ku ukuta ya utumbo kunaota kauvimbe sawa uyoga. Hii njo polipe.

Polipe haiko kanseri. Tunaandika tena: polipe haiko kanseri. Polipe mingi hazigeuki hata siku moja. Lakini kuko ile inakaa na kukomaa, jeni zingine zinaharibika juu yake, na kisha miaka mingi, mara mingi 10 ao zaidi, inageuka kanseri. Inaanza kutosha damu kidogo kidogo, mara mingine damu ya kutoonekana na macho.

Kuko pia jamaa, chache, ambamo mutoto anazaliwa na pompi moja yenye kuvunjika mu kila seli ya mwili. Mu ujana wake utumbo unajaa polipe mamia, hata maelfu. Asipopasuliwa, kanseri inakuja karibu kwa hakika, mara mingi mbele ya miaka 40 ivi. Muzazi mwenye nayo, kila mutoto wake iko na nafasi 1 juu ya 2 ya kuirizi.

Kwa hii yote sisi tunatosha mambo tatu.

La kwanza: haiko ulozi. Baba alikufa na tumbo, kisha ndugu yake, kisha mutoto wa kwanza, na watu wanaanza kutafuta mulozi mu nyumba. Mujane anafukuzwa, mutoto anaonyeshwa kidole, mufumu anakula mbuzi na franga ya mwisho. Wakati ule ndugu wanaobaki, wenyewe wenye kuweza kuwa na ugonjwa ule ule, hakuna anayewapima. Ukisikia mu jamaa moja watu watatu kwa tumbo, ile ni sababu ya kupeleka ndugu zao ku munganga, haiko sababu ya kuvunja nyumba ya mujane. Mwenye kupenda kuomba Mungu, aombe. Kipimo hakikatazi maombi.

La pili: tuko na wakati. Miaka 10 kati ya polipe na kanseri ni visite médicale 10. Ugonjwa yenye kutembea pole hivi inaweza kukamatwa mu njia. Ku Marekani, kanseri hii ikipatikana ingali mu utumbo tu, karibu watu 9 juu ya 10 wangali wanaishi kisha miaka 5. Ikipatikana imeisha kufika ku maini ao ku mapafu, wanaobaki ni 1 ao 2 juu ya 10. Ugonjwa ni moja. Kinachobadilika ni siku uliyoijua.

La tatu: tusingojee dawa ya ajabu. Mutu atauliza: "Kama wanajua ishara, kwa nini hawaizimi?" Wanajaribu. Shida ni hii: ishara yenye kulisha kanseri njo ile ile yenye kutengeneza utumbo muzima kila siku 5, na mifupa pia inaihitaji. Dawa zilizojaribiwa kwa kuifunga zilileta kuzoofika kwa mifupa. Huwezi kuzima mugodi nzima juu ya mahali moja pabaya. Basi silaha yenye kuwa mu mikono leo ni kukuta polipe mapema na kuikata.

Na kipimo cha kwanza ni kidogo. Unatia choo kidogo mu kachupa ao ku karatasi, labo inatafuta damu yenye kufichama. Hakuna sindano, hakuna kupasua. Mwenye damu anatumwa ku kolonoskopi: mupira mwembamba wenye kamera mwisho, unapita ku njia ya choo. Munganga akiona polipe, anaikata na mupira ule ule, tumbo haifunguliwi.

Inasaidia? Mu Minnesota, Marekani, watu zaidi ya 46.000 wa miaka 50 mupaka 80 walifuatwa. Matokeo ilitoka mu 1993: kwa wale waliopimwa choo kila mwaka, vifo vya kanseri hii vilipunguka kwa 33 juu ya 100. Mu Ufaransa, serikali inawapa watu wa miaka 50 mupaka 74 kipimo cha choo kila miaka 2. Mu 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza mupaka 45. Njo maana tunasema 45.

Tunajua wakubwa wa kompanyi watajibu nini.

Watasema: "Mine haileti kanseri ya utumbo, basi haituhusu." Sisi hatukusema kama vumbi ya kobalti njo inaileta. Ila Code du travail ya 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mutu wa kazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Haisemi "ugonjwa ya mine tu". Na kutunza kanseri yenye kufika ku maini inaomba franga mingi kuliko tuchupa twa choo kwa ekipe nzima.

Watasema: "Huku kwetu damu mu choo inaweza kuwa bilharziose ao minyoo. Kipimo kitapiga kelele ya bure." Kelele ya bure iko wapi? Mwenye bilharziose atunzwe, mwenye minyoo apewe dawa. Minyoo ya ankilostome inajulikana tangu zamani mu migodi kwa kumaliza damu ya watu wa kazi. Kipimo chenye kuonyesha hawa pia kimetumika mara mbili.

Watasema: "Mashini ya kolonoskopi haiko karibu." Hapo tunakubali ni shida, na haiko ya kompanyi moja tu. Basi waungane. Kompanyi zenye kugawana barabara na ligne ya umeme zinaweza kugawana mashini moja na munganga mumoja wa kuitumikisha, mu hopitali moja yenye kupokea watu wa kazi na watu wa cité. Serikali ya provense ikae ku meza ile pia, juu mama wa ku soko iko na utumbo sawa sisi.

Kuko lingine, hili linatuuma zaidi. Watu wa sous-traitance, wa kontra ya miezi 3, wanaficha. Mutu anaona damu, ananyamaza, juu anaogopa kuandikwa "inapte" na kubaki inje ya geti. Hatuwezi kumuhukumu, iko na batoto wa kulisha. Kwa hiyo mu convention collective tunataka maneno wazi: matokeo inabaki kati ya munganga na mugonjwa, hakuna kufukuza mutu juu ya kipimo, na watu wa sous-traitance wapimwe sawa wengine. Bila haya matatu, kipimo kitakuwa cha wale tu wasio na woga.

Na sisi wenyewe? Tuseme ukweli pia ku upande wetu. Pombe, sigara, nyama ya sosisoni kila siku, unene na kukaa bila kutembea vinaongeza hatari ya kanseri hii. Mu 2015, shirika la dunia la utafiti wa kanseri lenye makao ku Lyon liliandika nyama ya kutengenezwa kiwandani, sosisoni ndani, kati ya vitu vyenye kuleta kanseri. Sombe, lengalenga, maharagi na unga ya ganda haviko chakula cha maskini. Ni chakula cha utumbo.

Wamama, mara mingi ninyi njo munaona mbele: suruali yenye kuzidi kiuno, sahani yenye kurudi nusu, bwana mwenye kukaa mu choo murefu. Damu mu choo, choo yenye kubadilika zaidi ya wiki 3, kukonda bila sababu, kuchoka na kuwa mweupe ku macho na ku viganja: hapo asingojee visite ya mwaka. Aende ku dispensaire ile wiki, hata akiwa na miaka 30. Na mukikaa na wazee, muulize: nani alikufa na tumbo, na alikuwa na miaka ngapi? Muandike. Karatasi ile mumupe munganga, itamusaidia kuliko maneno ya kilio.

Mazungumuzo ya convention inakuja. Kila delege atabeba ombi hili mu karatasi, ku mustari wake, pamoja na mushahara na usafiri. Mbele aingie mu chumba, mumusimamishe ku geti na mumuulize: "Kipimo cha tumbo mumekiandika?" Akisema bado, mumupe kalamu.